Namba 39 na Ngozi za Ng'ombe

Faili lenyewe liliitwa vitufe.js, na ofisini kila aliyelijua alilijua kwa kuliogopa. Nililikuta mwaka 2014 nilipoajiriwa kutengeneza programu kwenye kampuni moja ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam. Walioliandika walikuwa wamekwisha kuondoka, na aliyenikabidhi alinipa maelezo ya sentensi moja: "Hilo usiliguse, linafanya kazi." Nimeligusa kuliko faili lingine lolote, na bado naona yule bwana hakusema bure.

Kazi ya faili hilo ilikuwa kuhakikisha karani hashiki kipanya. Karani mzoefu wa forodha haangalii skrini. Macho yake yako kwenye bili ya mizigo, mkono mmoja umeibana karatasi isipeperushwe na feni, mwingine unapiga tarakimu. Namba ya kontena ni herufi nne na tarakimu saba, ile ya mwisho ikiwa ya kuhakiki zilizotangulia, na kila kontena lina mstari wake kwenye jedwali. Ukimlazimisha mtu huyo ashike kipanya kila anapotaka kuhama kisanduku, chakula cha mchana atakila saa kumi. Kwa hiyo mishale ilimhamisha kutoka kisanduku hadi kisanduku, Enter ilimshusha mstari, Ctrl+S ilihifadhi, Ctrl+D ilinakili mstari wa juu yake. Yote hayo yalisikilizwa na vitufe.js, na sehemu nyingine za mfumo ziliazima masikio humo humo, mpaka ikawa maktaba ambayo kila fomu inaitegemea.

Karibu na juu kabisa palikuwa na mstari huu:

var k = e.keyCode || e.which;

Kwa asiyeandika programu: kitufe kikibonyezwa, kivinjari hutoa taarifa, na ndani ya taarifa mna namba. Mstari huo unasema chukua namba inayoitwa keyCode. Kama ni sifuri au haipo, chukua inayoitwa which. Ni mstari wa zama zake. Internet Explorer na Netscape vilikuwa na namna tofauti za kuripoti vitufe, na W3C, shirika linalotunga viwango vya wavuti, lilipotoa kiwango chake cha matukio mwaka 2000, kipanya kilipata nafasi, kibodi ikaachwa isubiri toleo la mbele. Katika kusubiri huko kila mtu akajichanganyia dawa yake. Hata leo nukta mkato huripotiwa 59 kwenye Firefox na 186 kwenye Chrome. Atakayekwambia alijua hilo kabla ya kuumwa nalo, mtilie shaka.

Balaa halikuwa kwenye sura ya mstari ule. Kitufe kikishuka, kivinjari hutoa tukio liitwalo keydown, na namba iliyomo ni ya kitufe: mshale wa kushoto 37, wa juu 38, wa kulia 39, wa chini 40. Kama kitufe hicho kinazaa herufi, hufuata tukio la pili, keypress, na safari hii namba ni ya herufi yenyewe kwa mujibu wa jedwali la ASCII. Sasa fungua jedwali hilo. 37 ni alama ya asilimia. 38 ni alama ya &. 39 ni ritifaa. 40 ni mabano ya kufungulia. Namba ni zilezile, maana ni mbili, na maktaba yetu ilikuwa ikiisikiliza mishale kwenye keypress.

Aliyefanya hivyo hakuwa mjinga. Baadhi ya matoleo ya zamani ya Firefox na Opera, ukishikilia mshale bila kuachia, yalikuwa yakirudia keypress bila kurudia keydown. Ukisikiliza keydown peke yake, karani anashikilia mshale wa chini ili afike mstari wa arobaini, anasogea mmoja anakwama. Mwandishi wa kwanza alichagua tukio lililomfaa karani wake kwa kivinjari alichokuwa nacho. Kisha vivinjari vikabadilika, karani akabaki, na mstari ukabaki.

Dawati la mizigo inayokwenda nje ya nchi lilikuwa na dada mmoja mwepesi wa kuchapa kuliko ofisi nzima. Siku moja alipita kwangu akaniambia, "Kaka, hii programu yako haitaki ng'ombe."

Nikamwomba aandike nikiona. Akaenda kwenye safu ya maelezo ya mzigo, akapiga "ngozi za ng", akapiga ritifaa. Kishale cha kuandikia kikaruka kulia, kikaingia safu ya uzito. Ritifaa haikuonekana popote. Vidole vyake havikusubiri. "Ombe" ikamwagika kwenye uzito, kisanduku kikawa chekundu, mashine ikapiga mlio. Yeye akacheka. Alikuwa ananionyesha kitu ambacho wenzake walikwisha kukizoea kama foleni ya Ubungo.

Jioni ile nilikwenda kwenye hifadhidata kutafuta ng'ombe. Nikawakuta wa kila namna. Wengi walikuwa "ngombe", bila ritifaa. Wengine walikuwa na ile alama iliyo chini ya kitufe cha Esc, ambayo ukiitazama haraka unaiona ritifaa lakini imelalia upande mwingine. Wengine walinakiliwa kutoka Word, na Word ina desturi ya kuikunja ritifaa iwe kama koma iliyopanda juu. Kompyuta haijui kwamba hao ni mnyama mmoja. Ukitafuta kwa tahajia moja, wa tahajia nyingine hawaonekani, na ndiyo sababu ripoti ya ngozi ya mwisho wa mwaka ilikuwa ikifanywa kwa mkono, kwa kalamu nyekundu, na mama wa uhasibu ambaye hakuwahi kuambiwa kwa nini mfumo "haukumbuki vizuri".

Nikaendelea kusoma maelezo ya mizigo mpaka macho yakauma. Hapakuwa na alama ya asilimia hata moja kwenye safu ile. Palikuwa na "pamba asilimia 100". Nati na bolti ziliunganishwa kwa "na", kamwe si kwa &. Mabano hayakuwapo, palikuwa na vistari. Mimi nilikuwa nimeyaona yote hayo tangu siku ya kwanza, nikayachukulia kuwa ni uandishi wa forodha, kama vile mapolisi wana uandishi wao. Nikamuuliza kijana aliyeajiriwa karibuni kwa nini haandiki mabano. Akajibu kwamba alifundishwa na waliomtangulia: hapa hatuandiki mabano. Hitilafu ilikuwa imegeuka kuwa sheria ya ofisi, yenye walimu na wanafunzi.

Martin Fowler, ambaye kitabu chake cha mwaka 1999 ndicho kilicholifanya suala la kusafisha msimbo kuwa somo lenye jina, anataka ubadilishe muundo wa ndani bila kubadilisha tabia inayoonekana nje. Nakubaliana naye, na kwa kazi nyingi sheria hiyo imeniokoa. Lakini tabia inayoonekana nje ni ipi, kama watu wamekwisha kujikunja kuizunguka? Kwa mama wa uhasibu tabia ya nje ilikuwa kalamu nyekundu. Kwa kijana yule ilikuwa ni katazo. Tangu hapo, kabla sijafungua msimbo wa kitufe chochote, nauliza kwanza watu wanaepuka kuandika nini. Hawalalamiki, kwa hiyo ukingoja malalamiko utangoja sana.

Ningeweza kuibadilisha ile keypress kuwa keydown siku ileile na kulala. Bosi alipendekeza zaidi ya hapo: tulitupe faili zima, tuchukue maktaba ya bure kutoka kwenye intaneti, wapo waliokwisha kuumaliza ugonjwa huu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi nilikuwa na sababu ya kawaida kabisa ya kuwasikiliza: hakuna aliyejua mbachao wetu ulikuwa umefunika mashimo mangapi. Maktaba za bure zilijua njia za mkato. Hazikujua jedwali letu, wala visomea barkodi vya ghalani, wala tawi letu la Lubumbashi kule Kongo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichoandika kilikuwa ukurasa mtupu wenye kisanduku kimoja. Ukibonyeza kitufe, ukurasa unaorodhesha kila ambacho kivinjari kimesema kuhusu kitufe hicho. Nikautuma kwenye matawi: Tunduma mpakani na Zambia, Lubumbashi, ambako sehemu kubwa ya mizigo yetu inayoshushwa bandari ya Dar huishia baada ya kuvuka Nakonde na Kasumbalesa, na ofisi ndogo ya Dubai inayohudumia wafanyabiashara wa Kariakoo. Nikaomba kila karani abonyeze vitufe kwa mpangilio, kisha anitumie kwa WhatsApp picha ya skrini na picha ya kibodi yenyewe. Nilitegemea kupuuzwa. Zikaja picha za kibodi zenye makombo ya maandazi, herufi zilizofutika, na moja ambayo kitufe cha E kilikuwa kimebandikwa plasta na kuandikwa kwa kalamu ya wino. Michael Feathers, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu msimbo uliorithiwa, anashauri uandike majaribio yanayorekodi kile ambacho programu inafanya sasa, kiwe sahihi au kibovu, ndipo uanze kuigusa. Picha zile ndizo nilizozigeuza kuwa majaribio. Kila moja ilikuwa mtu fulani, kwenye meza fulani, na kitufe fulani.

Picha za Lubumbashi ziliniweka chini. Kule kibodi ni za Kifaransa. A iko mahali ambapo kwetu pana Q, Z iko mahali pa W, M imehamia pembeni mwa L. Tarakimu za mstari wa juu hupatikana kwa kushika Shift; usiposhika, vitufe hivyo vinatoa & na é na alama za kunukuu. Ritifaa, ile ambayo Dar iko jirani na Enter, kule iko kwenye kitufe cha 4. Na alama ya @ inayohitajika kwenye kila barua pepe hupatikana kwa kushika AltGr pamoja na 0.

Hiyo AltGr ina historia yake. Windows huiripoti kama Ctrl na Alt zilizoshikwa kwa pamoja. Ndani ya vitufe.js, Ctrl+Alt+0 ilikuwa amri ya kusafisha fomu yote na kuanza upya. Fikiria sasa mtu wa Lubumbashi aliyejaza fomu ya mteja mpya tangu jina hadi namba ya simu, akafika kwenye barua pepe. Nilipowauliza, walinijibu bila kinyongo kwamba barua pepe huandikwa kwenye Notepad kwanza, kisha hubandikwa. Nao walikuwa wakiwafundisha hivyo wanaoajiriwa.

Wapo walionishauri njia za kuitenganisha AltGr na Ctrl+Alt halisi, na vivinjari vya sasa vinaweza kuulizwa hilo. Mimi niliifuta ile amri. Hakuna karani hata mmoja aliyekuwa akiitumia kwa makusudi, na tangu hapo maktaba yetu hairuhusu amri yoyote ya Ctrl+Alt. Katika kazi hii kuna ufundi mwingi unaotumika kulinda vitu ambavyo vingepaswa kuondoka tu.

Dubai ilileta mtihani wa namna nyingine. Kibodi zao zina Kiarabu na Kiingereza, na karani hubadili lugha mara kadhaa kwa saa. Akiwa kwenye Kiarabu akashika Ctrl na kitufe cha S, kivinjari kinaripoti herufi س. Lakini keyCode, ile namba kongwe niliyokuwa nimeanza kuidharau, ilibaki 83, namba ya S, kama vile hakuna lililobadilika. Yaani Dubai mstari wa zamani ulikuwa sahihi kuliko ule mpya niliokuwa nimeuandaa.

Hapo ndipo nilipokiona kilichokuwa kikitusumbua tangu mwanzo. Kibodi hujibu maswali mawili. Swali la kwanza ni kitufe kipi kimeshuka, pale kilipo, bila kujali kimeandikwa nini juu yake. La pili ni herufi gani imekusudiwa. Dar es Salaam majibu hukaribiana sana mpaka unasahau kuwa ni maswali mawili, na namba ya keyCode ililelewa katika usahaulifu huo: mara ni mahali, mara ni herufi, mara ni kitu cha katikati. Viwango vya sasa vimeyatenganisha. Taarifa ya kitufe ina sehemu inayoitwa key, inayotoa herufi, na nyingine inayoitwa code, inayotoa mahali. Kwa mtu wa Lubumbashi anayebonyeza kitufe cha ritifaa, key ni ritifaa na code ni Digit4. Chrome ilipata key mwaka 2016, Safari ikaipata mwaka 2017, na kwangu mimi usafishaji wa kweli ulianza hapo, kwa sababu kabla ya hapo kulikuwa na mengi ya kubahatisha.

Mwenzangu kijana, mwenye akili nyingi na haraka ya umri wake, alitaka tutumie code kila mahali. Mahali hapabadiliki, alisema, tutakuwa tumemaliza. Nilimwomba ajaribu kutengua kosa kwa Ctrl+Z kwenye picha ya kibodi ya Lubumbashi. Mahali pa Z ya kwetu pana kitufe kilichoandikwa W. Kwa hiyo ili kutengua, karani wa kule angelazimika kubonyeza Ctrl+W, na Ctrl+W kwenye kivinjari ni kufunga ukurasa. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Kanuni tuliyofikia baada ya mabishano mengi ni hii: amri hufuata herufi. Kama herufi iliyoripotiwa si ya Kilatini, kama ile س ya Dubai, ndipo tunarudi kwenye mahali. Ni kanuni ndogo, imekaa kwenye mistari michache, na imefukuza kurasa nzima za namba zilizokuwa zimeandikwa kwa kila kivinjari na kila toleo.

Swali la mahali lilipata kazi yake halisi kwenye ghala. Kisomea barkodi, kwa macho ya kompyuta, ni kibodi tu inayochapa upesi kupita binadamu na kumaliza kwa Enter. Kimetengenezwa kikidhani kompyuta ina mpangilio wa Kimarekani. Kwa hiyo hakisemi "nne", kinasema "kitufe cha pale ambapo pana nne", na kompyuta ya Kifaransa inatafsiri kwa mpangilio wake. Karani wa Lubumbashi alikuwa akisoma karatasi yenye 4127, na kwenye skrini inatokea '&éè. Herufi M iligeuka alama ya kuuliza. Wale jamaa walikwisha kuweka kisomea kabatini na kuandika kwa mkono.

Ndani ya vitufe.js mwandishi mmoja wa zamani alikwisha kulishughulikia hilo kwa jedwali refu la tafsiri: ukiona & weka 1, ukiona é weka 2, na kuendelea. Jedwali lilifanya kazi mpaka mtu alipoandika kwa mkono neno la Kifaransa lenye é, likageuka kuwa na 2 katikati. Nilipolitazama jedwali hilo niliona njia ya kulifupisha: vitufe vinavyokuja kwa mfululizo wa milisekunde chache ni vya kisomea, visomwe kwa code, vingine visomwe kwa key. Nikaiandika, ikafanya kazi, nikaipenda.

Kisha mzee wa ghala la Lubumbashi akaniuliza swali la mtu asiyejua programu: "Hiki kisomea chenyewe hakifundishiki?" Kinafundishika. Kwenye kijitabu chake kuna ukurasa wa barkodi za mipangilio, na mojawapo ni ya kibodi ya Kifaransa. Unaisoma mara moja, kinalia, kimekwisha. Ukurasa ule ulitolewa nakala, ukawekewa plastiki, ukapigiliwa ukutani juu ya meza ya kupokelea mizigo, na msimbo wangu niliokuwa nimeupenda ukafutwa. Nimeufuta bila huzuni kubwa. Kuna matatizo yanayoingia kwenye maktaba kwa sababu tu mwandishi wa programu ndiye aliyekuwa karibu yalipotokea, na kila anayekuja baadaye anayaona yamo ndani, anadhani ndiko nyumbani kwao.

Ghala hilohilo lilituondolea amri za herufi moja. Kwenye ukurasa wa orodha ya mizigo, N ilifungua mzigo mpya na F ilifuta. Tamu sana kwa mwenye vidole vyepesi. Lakini kisomea kikisoma barkodi wakati hakuna kisanduku kilichochaguliwa, kila herufi iliyomo inakuwa amri, na barkodi yenye F ndani yake inajua kufuta. Miongozo ya ufikivu ya wavuti, WCAG 2.1 ya mwaka 2018, inataka amri za namna hiyo ziweze kuzimwa au kubadilishwa, ikiwafikiria zaidi wanaoendesha kompyuta kwa sauti, ambao neno moja walilolitamka linaweza kusomwa kama mfululizo wa amri. Sisi tulifika palepale kwa mlango wa nyuma.

Kuhusu vitufe vinavyong'ang'ania nitasema kwa kifupi, maana ni kisa cha kila mfumo. Maktaba ilikuwa na daftari lake la vitufe vilivyoshikwa: kikishuka kinaandikwa, kikiachiwa kinafutwa. Karani akishika Alt+Tab kwenda Excel, Alt inaachiwa akiwa upande wa pili, na daftari halipati habari. Anaporudi, maktaba inaamini Alt bado imeshikwa, na kila herufi inakuwa amri. Kwenye Mac ya bosi ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ukiwa umeshika Command, vitufe vingine vikiachiwa haviripotiwi. Palikuwa na viraka juu ya viraka vya kulisahihisha daftari. Dawa ilikuwa kulichana. Kila tukio la kitufe huja na taarifa yake kama Ctrl, Alt na Shift zimeshikwa wakati huohuo. Liulize tukio, usikumbuke.

Kazi iliyochukua muda mrefu kuliko zote ni ambayo mtumiaji hakuiona kabisa. Fomu zetu zilikuwa zikijua vitufe kwa namba: humu 13, mle 27, kwingine 113 ya F2, zimetawanyika kwenye mafaili mengi. Tukazihamisha moja baada ya nyingine kila tulipoingia kwenye fomu kwa sababu nyingine, mpaka fomu ikawa haijui kitufe chochote. Inajua majina ya amri: hifadhi, nakili-juu, mstari-mpya, ghairi. Kitufe gani kinaita amri gani, hilo limeandikwa mahali pamoja, kwa Kiswahili, na mtu yeyote ofisini anaweza kulisoma. Yule dada wa dawati la mizigo inayokwenda nje alilisoma, akataka nakili-juu ihamishwe kutoka Ctrl+D kwa sababu anaikosea akitafuta Ctrl+S. Nilibadilisha neno moja.

Tarehe 15 Juni 2022 Microsoft ilimstaafisha Internet Explorer 11. Yeye alikuwa na lugha yake ya vitufe: mshale wa kushoto akiuita Left wakati kiwango kinasema ArrowLeft, Escape akiiita Esc, nafasi akiiita Spacebar. Sisi tulimsubiri zaidi, kwa sababu ghala moja la mteja lilikuwa bado na kompyuta yake ya siku nyingi, na mfumo wetu unaweka kumbukumbu ya vivinjari vinavyoingia. Ghala lilipobadilisha mashine na kumbukumbu zikanyamaza kwa miezi, nilifuta tafsiri zote zile asubuhi moja, majaribio yakapita, nikaenda kunywa chai.

Ng'ombe naye? Tuliandika programu ndogo ya kuwaunganisha wote kwenye tahajia moja, tukaweka sheria kwamba ritifaa ya aina yoyote inayoingia hugeuzwa kuwa ya kawaida kabla ya kuhifadhiwa. Kompyuta mpakato moja iliyotoka nje ikatuletea aina ya mwisho: mpangilio wa Kimarekani wa kimataifa, ambamo ritifaa ni kitufe bubu kinachosubiri herufi inayofuata ili kiipande juu. Ukiandika ng'ombe kwa mwendo wa kawaida unapata ngómbe. Hilo hatukuliwekea msimbo. Tulimbadilishia mwenyewe mpangilio kwenye Windows. Na kwa kuwa mishale haisikilizwi tena kwenye keypress, mabano nayo sasa yanaandikwa, ingawa wakongwe wa ofisi bado wanapenda vistari.

Kilichobaki ni simu. Makarani wa Tunduma hufanya kazi kwenye maegesho ya malori, na wanaingiza taarifa kwa simu za Android. Huko kibodi ya kwenye kioo mara nyingi haisemi kitufe gani kimebonyezwa, inasema 229. Namba hiyo ni ya Windows, ilikusudiwa kumaanisha kwamba kitufe kimechukuliwa na chombo cha kuandikia, kile kinachotumiwa na waandishi wa Kijapani na Kichina kuunda herufi zao, na programu isubiri. Sasa inatolewa kwa karibu kila herufi kwa mtu anayeandika "ngozi za ng'ombe" akiwa ameegemea lori. Hakuna kanuni ya mahali wala ya herufi itakayolisaidia hilo. Kwa hiyo kwenye simu vitufe.js haisikilizi kabisa. Fomu inatazama maandishi yaliyobadilika ndani ya kisanduku, na amri zimewekwa kuwa vitufe vikubwa vya kugusa chini ya skrini. Msimbo huo uko kwenye faili lake, na nimekataa mara zote mtu akitaka kuuleta ndani ya maktaba ya kibodi. Yule mwenzangu kijana, ambaye sasa ndiye anayelitunza faili, bado ananibishia.